Usije Wakati wa Ndege

Shamba la Mchombe nimelikodisha. Umesoma sawasawa, usirudie mstari. Nimemkodisha Masanja, yule kijana wa Kisukuma mwenye ng'ombe wa kulimia, na msimu huu sihamii shamba, sipandi mpunga wala silindi ndege. Tumeshikana mikono mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na Masanja ameshapitisha plau. Hata ukimwambia dereva akushushe hapo ulipo, ukapanda bodaboda ukarudi Ifakara, utakuta jambo limekwisha na mama yako amekaa barazani anakula muhogo.

Haya, marahaba, mwanangu Adelina. Najua hata kuisoma barua umeanza na shikamoo, ndivyo nilivyokulea.

Nilikwambia usiifungue mpaka basi lipite Kisawasawa, na najua umetii, kwa sababu wewe tangu mdogo ukipewa sharti unalishika mpaka aliyelitoa anajuta. Sababu yenyewe ndiyo hiyo. Ningekwambia kwa mdomo ungeniuliza, "Kwa nini, Mama?" kwa ile sauti yako ya upole ya kufundishia, mimi ningejibu hovyo, na kabla ya jua kuzama nguo zako zingekuwa zimetoka kwenye begi zimerudi kabatini. Mimi na wewe kwa maneno ya mdomo hatuwezani. Wewe unashinda kwa hoja, mimi nashinda kwa kulia, halafu hakuna anayekwenda popote.

Naandika jioni hii umekwenda Lumemo kumuaga mama yako mdogo. Rozina hatakuachia mpaka ule, na ukishakula hatakuachia mpaka akusimulie ile kesi yake ya mpaka wa kiwanja, kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa barazani, sinia nimeligeuza mapajani ndiyo meza. Mkono unauma. Darasa la saba nililosoma mimi lilikuwa darasa la saba kweli, si haya ya siku hizi, na mwandiko wangu walikuwa wanaonyeshwa wengine wajifunze. Ila vidole vilivyoshika jembe miaka yote hii vinaikaba kalamu kama vinakaba mpini. Utavumilia.

Mambo ya kula, kulala na kufunga milango sikuandikii. Mtu anayefundisha hesabu ukumbi mzima wa vijana wenye ndevu haambiwi na mama yake avae sweta. Nataka nikuandikie hii miezi tuliyokaa pamoja, vile nilivyoiona mimi, kwa sababu nadhani wewe uliiona kwa upande mmoja tu.

Ulikuja mwezi wa saba, likizo ya chuo, kama kila mwaka. Kila mwaka unakaa wiki chache, unaleta sabuni na kitenge, unagombana na kaka yako Deo akija kutoka Mlimba, unaondoka zako Dar. Safari hii nilipokuona unashuka kwenye basi nilisema moyoni, huyu hajaja, huyu ameletwa. Ulikuwa unalala kama mtu aliyepigwa. Nikadhani malaria, nikakukokota mpaka maabara, wakasema hakuna kitu. Ndipo ukaniambia, tuko jikoni, mimi napuliza moto.

Kumbe ile kazi yako imevunjika. Ile iliyokula miaka yako minne, ambayo ukipiga simu nakusikia unaandika huku unaongea na mimi. Ulinieleza taratibu, kama unavyonielezaga: kwamba ulikuwa umejenga hoja ndefu, hatua juu ya hatua, kuonyesha kwamba jambo fulani ni kweli siku zote, ukaipeleka nje kwa wale wanaosoma kazi za wenzao kabla hazijachapishwa, na mmoja wao akakuta hatua moja ya katikati haisimami. Mimi nikauliza ni nani huyo mwenye roho mbaya.

"Hana roho mbaya, Mama. Amesoma vizuri. Mimi ndiye niliyekosea."

"Basi si uparekebishe hapo?"

"Hapo ndipo vingine vyote vilipokuwa vimesimama."

Ukasukuma kuni ndani, ukasema unaacha. Unaacha hesabu, unaacha chuo, unaacha na Dar yenyewe. Utakaa na mimi, tutalima Mchombe, tutauza mchele, watu wengi wanaishi hivyo na hawafi.

Adelina, mimi nilifurahi.

Nilikushika bega, nikasema pole mama, machozi yakanitoka na hayakuwa ya uongo. Lakini chini ya machozi nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani na hakuna aliyemwona. Tangu baba yako afariki na Deo ahamie Mlimba kwenye ufundi wake wa pikipiki, nyumba hii ikifika saa moja jioni inakuwa kubwa. Nikikohoa hakuna anayeuliza. Nikiweka chumvi nyingi naila mwenyewe. Ukaja wewe, daktari wa falsafa mzima, ukawa unanichotea maji na kunibandikia chai. Hii miguu inaniuma kweli, sikukudanganya. Lakini nikiona unaniangalia nilikuwa nachechemea zaidi kidogo. Mungu anisamehe, nilikuwa najiona nimepata.

Na pale mashineni pia nilikuacha ufanywe mchezo. Unakumbuka, tulikwenda kukoboa, ukakaa chini na akina mama ukashika ungo ukapepeta, na kwa kusema ukweli unapepeta vibaya. Mama Shukuru akaacha kazi yake makusudi, akasema kwa sauti, "Profesa, hesabu zimekushinda umerudi kwenye ungo?" Wakacheka wote. Wewe ukacheka nao. Mimi niliyezoea kumjibu mtu kabla hajamaliza, siku ile nilijifanya nafunga gunia.

Nilinyamaza kwa sababu ule uprofesa niliuleta mimi. Mwaka jana ulipopiga simu ukasema, "Mama, nimemaliza, nimeshaituma," mimi neno "nimemaliza" lilinitosha. Sikuuliza umemaliza nini. Nilikwenda jumuiya nikatangaza kwamba mwanangu sasa ni profesa, nikachinja yule mbuzi mweusi, nikashona kitenge cha mikono mipana, na kwa muda wa mwaka mzima hakuna mtu aliyenunua mchele kwangu bila kusikia habari zako. Mtu akiuliza, "Huyo mwanao ni daktari wa nini?" nasema wa hesabu. Akiuliza, "Kwani hesabu nazo zinaumwa?" nasema zako ndizo zinazoumwa, ndiyo maana unapunja debe. Nilikuwa naondoka hapo natembea kama nimebeba taji.

Uliniambia baadaye, na ulisema bila hasira, kwamba yule msomaji wa huko nje hakukuumiza sana. Kilichokuumiza ni kushuka kwenye basi Ifakara ukaitwa profesa na watu waliokula mbuzi. Nilijibu kwamba watu wa hapa wana mdomo. Nilijua ni mdomo wa nani.

Sitaacha kujivuna, usinitake niache, ni tabia na nimezeeka nayo. Lakini nimejifunza kwamba mtu anaweza kujivunia mtoto wake mpaka mtoto akakosa mahali pa kuanguka. Alipoanguka akakuta mama yake ameshatandika kitenge na wageni wamekaa.

Sasa zile kamba. Najua umechoka kuzisikia, lakini hii hujaisikia kwangu vizuri, umeisikia ile ya sherehe.

Ulikuwa na miaka minane, msimu ule mimi na baba yako tulihamia shamba kama watu wote wa bonde hili, tangu kupanda mpaka kuvuna, ninyi wawili tukawaacha Ifakara msome. Deo anapika, wewe unaosha vyombo. Nikija kuleta unga nawakuta mmekonda, mnanuka moshi. Na siku moja nikakuta una homa, unatetemeka, na Deo naye mtoto tu amekufunika magunia kwa sababu hakujua kingine cha kufanya. Nikaapa sitakuacha tena. Mwaka uliofuata nikakuchukua, ukakosa shule mpaka mavuno. Nilikosea nilipokuacha na nilikosea nilipokuchukua, na mpaka leo sijaona njia ya tatu ilikuwa wapi. Mpunga hauoti barazani, na shule haikuwa bondeni.

Mpunga ulipoanza kuweka maziwa ndege wakashuka kama moshi. Mimi na wewe tunakaa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, tangu alfajiri. Kamba zangu nilikuwa nimezifunga kama kila mtu alivyofunga: kila kamba inatoka kwenye dungu inakwenda kwenye nguzo yake, imening'inizwa makopo na vipande vya bati. Hii iko mguuni, ile iko mkononi, nyingine naishika kwa meno. Wakitua huku navuta hii, wakihamia kule navuta ile. Anayenitazama kwa mbali angedhani nimenaswa mtegoni.

Nikashuka kuchota maji. Nimerudi nakuta umezifungua zote. Unazifunga upya, nguzo kwa nguzo, hazirudi tena kwenye dungu, na ndege wako juu yetu wanazunguka. Nikakuuliza unafanya nini. Hukugeuka. Ukasema, "Subiri, Mama."

Nilikuchapa. Nikakata vifundo vyako vyote nikarudisha kamba zilivyokuwa, lakini kamba iliyokatwakatwa inafupika, hazikutosha tena, kona ya upande wa mto ikabaki wazi. Ndege wakaimaliza kona ile tunaiangalia, tukabaki na mabua. Jioni baba yako akaja na samaki wake, akaitazama kona, akakutazama wewe ulivyovimba macho, akachuchumaa akakuuliza ulitaka kufunga vipi. Ukamchorea kwenye tope kwa kijiti. Mkafunga wawili, mimi nimekaa kule nimenuna napara samaki kwa hasira. Kesho yake alfajiri ulivuta kamba moja, moja tu iliyofika kwenye dungu, kwa mguu, na wewe umelala chali. Shamba zima likalia mpaka jirani akaja mbio kuuliza kama tumeingiliwa na tembo.

Siku ya sherehe yako ya udaktari nilishika maikrofoni nikawaambia wageni kwamba nilipoziona zile kamba nilijua hapo hapo, huyu ni msomi. Watu wakapiga vigelegele. Wewe umekaa meza kuu, unatabasamu. Niliporudi kukaa Deo akaniinamia sikioni, "Mama, na fimbo je?" Nikamkanyaga mguu. Lakini usiku ule sikuwa na raha ya wali wala ya soda, maana siku hiyo ndipo uliponieleza vizuri unachosoma. Nilikuwa nadhani ni kujumlisha na kutoa, ila kwa namba ndefu. Ukachukua punje za mahindi na uzi wa kushonea, ukasema ndiyo hiki, Mama, nukta na mistari inayoziunganisha. Uzi upi ukikatwa kitu chote kinanyamaza, na uzi upi ukikatwa hakuna anayejua. Nikasema kumbe ni kamba. Ukasema, "Ni kamba, Mama. Siku zote ilikuwa kamba."

Kwa hiyo kitu nilichokukatia ndicho ulichokwenda kukitafuta. Sijui kama hilo ni jambo la kujivunia au la kuombea toba. Mimi, unanijua, nimelifanyia yote mawili.

Nikurudishe mwezi wa kumi, tulipokwenda Mchombe kuangalia shamba kabla ya mvua. Mimi niliondoka kwenda kuwasalimu majirani, nikakuacha kwenye lile dungu bovu lililobaki nguzo tupu. Nimekawia, unajua nikikaribishwa mahali. Narudi jua limeshainama, chakula nilichokuachia kimefunikwa vilevile, sisimizi wamekizunguka. Wewe umepiga magoti kwenye udongo mkavu. Umeokota makamba ya zamani umeyafunga nguzo kwa nguzo, mengine umeyakata, na chini umechora michoro mpaka kwenye mizizi ya yale matete. Sketi nzima vumbi. Unajisemesha.

Nikasema, "Adelina, gari la mwisho hilo linapita."

"Subiri, Mama."

Sauti ileile, mwanangu. Hata kugeuka hukugeuka. Nilijikuta mkono umeanza kunyanyuka wenyewe, hebu fikiria, mtu mzima na daktari wake. Nikaushusha, nikakaa juu ya gogo, nikasubiri. Gari likapita, nikalisikia likipita. Inzi wakanila. Nilikuangalia nikaona kwamba huyu mtu aliyeletwa kwangu mwezi wa saba sasa ndiyo kwanza anafika.

Tukarudi kwa bodaboda, mshikaki, mimi katikati kama nyama ya mafuta na wewe nyuma yangu. Nikakuuliza kama umeipata.

"Bado. Ila pale nilipokosea pana kitu kingine."

"Kizuri?"

"Sijui, Mama."

Ukacheka mgongoni kwangu, nikausikia mcheko wako kwenye mbavu. Nilijua hapo, na wewe ulijua, lakini tulipofika nyumbani ukaanza tena ule wimbo wa miguu ya mama. Mama hawezi kwenda shamba peke yake. Mama hawezi kupanda dungu. Mwaka huu lazima nikae na Mama. Mimi nikawa naitikia, ndiyo mwanangu, miguu, kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu.

Halafu chuo kikafunguliwa, wewe ukaandika kuomba muda zaidi. Wiki ileile ulikuwa unaoga, simu yako ikalia, nikapokea. Sauti ya msichana.

"Shikamoo mama. Madam yupo?"

Nikasema amelala. Uongo wa bure, wala sikuufikiria.

"Naomba umwambie ni Neema, mwaka wa pili. Aliyepewa darasa letu anasoma tu yale yanayoonyeshwa ukutani, akimaliza anatoka. Madam yeye alikuwa anatusubiri."

"Anawasubiri wapi?"

"Palepale darasani, mama. Anauliza swali halafu anakaa kimya mpaka mmoja wetu aone. Wengine wanamcheka kwamba amesahau somo. Mimi nilikuwa sijawahi kusubiriwa na mtu kwenye hesabu."

Nikamwambia sawa, nitamfikishia. Sikukufikishia. Nakufikishia leo: Neema wa mwaka wa pili anakusalimu, anauliza unarudi lini. Siku ile nilikutazama umetoka kuoga, taulo kichwani, unaniuliza nani alipiga, nikasema wamekosea namba. Nikakaa jikoni mpaka chai ikakauka. Nilikuwa namfikiria mtoto wa mwenzangu ambaye simjui hata sura, yupo huko anasubiri, na mimi nimemkalia mwalimu wake kama kuku aliyekalia yai la mwenzake.

Kesho yake nikakwambia nakwenda kanisani kufanya usafi. Nilikwenda kwa Masanja. Aliinuka kwa heshima, akaniletea kigoda, akadhani nimekuja kukodi ng'ombe. Nilipomweleza akaniuliza mara mbili kama nina hakika, maana bonde zima linajua mimi sijawahi kukosa msimu hata nilipokuwa na mimba yako. Nikamwambia nina hakika. Tutagawana mpunga baada ya mavuno, yeye kazi, mimi ardhi. Halafu nikaja kukudanganya kwamba Rozina amekubali kuhamia shamba na mimi, ndipo ukakubali kufunga begi. Rozina kwenye dungu. Ulikuwa umechoka kweli, hukucheka. Nimemwonya leo asifungue mdomo, na kwa namna ninavyomjua, kwa sasa anaongea mambo ya kiwanja kwa bidii kuliko siku zote.

Sasa usije ukakaa hapo dirishani ukasema mama amejitoa kwa ajili yangu, halafu ukaanza kunibeba moyoni kama mzigo wa pili. Nimechoka, Adelina. Nasema hivyo bila kulalamika. Nimechoka kama jembe linavyochoka, si kwa siku moja na wala si kwa kosa la mtu. Msimu uliopita nilikuwa nikishuka kwenye dungu nakaa kwanza pale chini, nasubiri miguu ikumbuke kazi yake, na kuna asubuhi nilimsikia ndege nikamwacha ale. Hilo sikumwambia mtu. Nilikuwa nangoja mtu wa kuniambia basi, na nilipokuona umekuja kujificha kwenye shamba langu nikaona hata mimi nilikuwa nimejificha humo. Nusu ya haya ni kweli na nusu ni kiburi cha kutotaka unionee huruma. Zigawe wewe, ndiyo kazi yako.

Kitu kimoja nikupe, halafu niishie, maana naona Mama Shukuru anapita barabarani ananyoosha shingo kuona naandika nini.

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilitaka mama mkwe anione ni mchapakazi. Nilipewa dungu langu karibu na lake. Nikapiga kelele tangu alfajiri mpaka giza, sikukaa, sikula, jua la mchana linanichoma na mimi navuta kamba, napiga debe, nawika. Yeye mchana anakoroma kwenye dungu lake, nikamwona mvivu. Haikupita muda sauti ikakauka kabisa. Jioni moja kundi likashuka, nikafungua mdomo hakikutoka kitu, mikono imevimba, kamba siwezi kuishika, nikawatazama wanakula. Mama mkwe akaamka, akajinyoosha, akawika mara moja, wakaruka wote. Akaja akaniambia, "Mchana wa jua ndege nao wamelala kwenye matete. Wewe ulikuwa unamfukuza nani?"

Nimeifikiria sana miezi hii nikikuangalia ulivyolala. Ile miaka minne ulikuwa unafukuza mpaka saa sita mchana, na mimi nikiwa huku nakupigia vigelegele uzidishe. Ulipofungua mdomo hakikutoka kitu ukasema basi, sina sauti, niliyokuwa nayo haikuwa yangu. Mimi mwaka ule nilisema hivyohivyo. Nilitaka kurudi kwetu Mahenge. Sauti ilirudi yenyewe, nikiwa sifanyi lolote, nachambua mchicha, nikamfokea kuku nikashtuka ni mimi.

Yule bibi alikuwa na maneno makali, na hakunisifu hata siku moja mpaka anakufa. Lakini alinisubiri. Nimemwelewa nikiwa nimekaa kwenye lile gogo, inzi wananila.

Jua linakwenda na nakusikia unakuja, unaagana na mtu pale njiani, mnacheka. Nitaikunja hii niiweke juu ya mchele, kwenye kile kibegi cha bluu. Kesho alfajiri nitakusindikiza stendi, nitakuwa na maneno mengi ya dereva, ya siti na ya dirisha, usiyasikilize, ni ya kupitisha muda. Nikilia ni macho tu.

Kazi yako ikitengemaa au isitengemae, mimi sitatangaza. Nimemwambia hata Rozina. Wakiniuliza mwanao amefikia wapi, nitasema anafundisha, anasubiri watoto waone. Wasioelewa wakae hivyohivyo.

Mwezi wa tano utaanza kuota usiku, najua, utasikia makopo. Utapiga simu kuuliza kama Masanja amefunga kamba vizuri, kama upange kuja japo wiki moja kumsaidia mama. Nakwambia mapema: usije wakati wa ndege. Ndege wa mwaka huu ni wa Masanja, na mimi nitakuwa kivulini nimenyoosha miguu. Njoo wakati wa wali. Mpunga mpya utakuwa umekobolewa, Deo anakuja na mkewe na watoto kutoka Mlimba, Rozina anakuja na kesi yake, Masanja nimemkaribisha na wazee wake, Mama Shukuru atakuja hata asipoalikwa. Yule Neema kama ana nauli mlete, nimwone anavyosubiri. Mbuzi atakuwepo, na safari hii atachinjwa kwa sababu ni mbuzi, bila cheo cha mtu yeyote. Wewe hutapepeta chochote, kwa heshima ya mchele wangu. Kiti chako kitakuwa hapa barazani, karibu na changu, na tutawangoja wote waingie, mmoja mmoja, asubuhi ya Sabasaba.